Misa ya Kamina na Ua wa Bruxelles

Zamani, katika misioni nyingi za Kongo, ngoma ilikatazwa kuingia kanisani. Wazungu wengi walisema kwamba ngoma ni kitu cha upagani, tena ni makelele tu. Wakristu wetu nao wakasadiki maneno hayo, hata wengine wakaona haya kwa ajili ya nyimbo za mababu zao. Basi tuangalie jambo lililotokea Kamina, katika Katanga.

Mwaka wa 1953 Padri Guido Haazen, Mfransisko wa Ubelgiji, alifika huko. Aliwasikia watu wakiimba nyimbo za kwao, akazipenda. Akakusanya watoto yapata 45 pamoja na walimu 15 wa shule, na wote pamoja wakatunga Misa Luba. Maneno yake ni ya Kilatini, bali sauti ni za inchi. Kyrie inafuata kasala, namna ya Waluba ya kulilia wafu. Nayo yafaa sana kwa kuomba huruma. Hosanna inafuata mwendo wa ngoma inayochezwa Kasai. Mwanzoni hawakuandika muziki katika karatasi: mwalimu Joachim Ngoi alianzisha, wengine wakaitika. Misa hiyo iliimbwa mara ya kwanza tarehe 23 Machi 1958, katika misioni ya Mtakatifu Bavo.

Mwaka uleule waimbaji wakaenda Ulaya. Waliimba Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani, hata katika Maonyesho makubwa ya Bruxelles, watu wakawashangilia. Kumbe, katika Maonyesho hayohayo palikuwa na kijiji cha Wakongo, kimezungushiwa ua. Watazamaji wengine wakawatupia ndizi watu waliokuwa ndani, kana kwamba ni nyama wa porini. Wakongo wale wakakataa aibu hiyo, wakaondoka mbele Maonyesho hayajaisha.

Mambo haya mawili sherti tuyashike pamoja. Mtu aweza kupenda wimbo na kumdharau mwimbaji. Hata sifa yaweza kuficha dharau: wengi walisema kwamba Mwafrika huzaliwa na muziki katika damu, kana kwamba watoto wa Kamina hawakujizoeza, wala walimu wao hawakutumia akili.

Mwaka wa 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliagiza kwamba muziki wa kila taifa upewe heshima yake. Mwaka wa 1988 Roma ikakubali utaratibu wa Misa kwa majimbo ya Zaire, ndilo jina la inchi yetu wakati ule.

Na sisi je? Mara ngapi tunasema kwamba nyimbo za kabila fulani ni kilio tu, au kwamba watu fulani hawajui kuimba? Ndugu, anayesema hivyo amesimama nje ya ua ule wa Bruxelles. Katekista akitumwa katika kijiji kigeni, aombe kwanza afundishwe wimbo mmoja. Auimbe pamoja na wenyeji, akosee, nao wamwonyeshe. Hapo watajua kwamba amekuja kukaa nao.