Sababu si Ushahidi

Mpe mwanafunzi wa kidato cha pili mada ya marufuku ya mifuko ya plastiki, na huenda akakuandikia aya kama hii: "Naunga mkono marufuku hii kwa sababu mifuko ya plastiki huziba mitaro. Mitaro huziba kwa sababu watu hutupa taka ovyo. Watu hutupa taka ovyo kwa sababu hawana elimu ya mazingira." Sarufi haina kasoro na mawazo yanafuatana. Lakini msomaji mwenye maoni tofauti hajapewa chochote cha kushika. Ameambiwa "kwa sababu" mara tatu, na hajaonyeshwa hata mtaro mmoja.

Katika insha ya hoja, sababu ni jibu la swali "kwa nini unasema hivyo?" Ushahidi ni jibu la swali "umejuaje?" Sababu mwandishi anaweza kuitunga akiwa ameketi pale pale kwenye dawati lake. Ushahidi uko nje yake: uko mtaroni, uko kwenye ripoti, uko kwenye maneno ya muuza samaki aliyeulizwa akajibu. Mtu mwingine anaweza kwenda kuukagua bila kumtegemea mwandishi.

Mbona basi wanafunzi wetu huvichanganya vitu viwili vilivyo wazi hivi? Sehemu ya tatizo imo katika neno "sababu" lenyewe, ambalo kwetu hubeba mizigo miwili. Tunasema "sababu ya ajali ni mwendo kasi", tukimaanisha chanzo. Tunasema pia "nina sababu ya kumwamini", tukimaanisha msingi wa msimamo. Irudie aya ya mwanafunzi wetu uone. Sentensi ya kwanza inatetea msimamo. Ya pili na ya tatu zimeteleza zikaanza kueleza chanzo cha uchafu. Yeye anadhani anaongeza nguvu, kumbe ameshaihama mada. Mwalimu atamsaidia sana akitumia "chanzo" kwa maana ya kwanza na kuiachia "sababu" maana ya pili, angalau ndani ya kipindi cha insha.

Neno "hoja" nalo limechakaa darasani. Tunawaambia watoto "toeni hoja tano", nao huhesabu tano, kila moja sentensi mbili, wakamaliza. Ningependa hoja iwe jina la kifurushi kizima: dai, sababu inayolibeba, na ushahidi unaoishikilia sababu hiyo. Hoja moja iliyokamilika namna hiyo hujaza nusu ukurasa.

Kwa upande wa pili, wapo wanaopendelea "uthibitisho" badala ya "ushahidi". Mimi nashika "ushahidi", na ninashika kwa makusudi. Uthibitisho unaashiria kwamba shauri limekwisha. Ushahidi ni neno la mahakamani, na mahakamani kila mtu anajua kuwa shahidi huhojiwa: ulikuwa umbali gani, kulikuwa na mwanga, una undugu na mshtakiwa? Ushahidi hupimwa, na mwingine hukataliwa. Mwanafunzi anayeanza kuandika maoni anahitaji neno linalomkumbusha kwamba alichokileta kitahojiwa. "Dalili" nalo lingefaa, maana katika darasa za dini za Unguja, Lamu na Mombasa ukiambiwa utoe dalili unatakiwa utoe aya au hadithi unayoitegemea. Ila nje ya darasa hizo dalili ni mawingu yanayotangulia mvua au homa inayotangulia ugonjwa, na mwanafunzi atachanganyikiwa zaidi.

Kuna kipimo kimoja ambacho Kiswahili chenyewe kinatupa, nacho nakiona bora kuliko maelezo yote ya vitabuni: viambishi vya kitenzi. Sababu hupenda hu-: mifuko huziba, maji hufurika, watu hutupa. Ni kauli ya jumla, haina siku wala mahali. Ushahidi hupenda -li- na -me-: mtaro ulio nyuma ya soko uliziba baada ya mvua ya Jumamosi, tukahesabu mifuko iliyokwama kwenye wavu, wenye vibanda wamehamisha bidhaa zao. Mwambie mwanafunzi apigie mstari vitenzi vyote vya aya yake. Akikuta hu- tupu, mwulize: lini? wapi? nani aliona?

Kipimo hiki kina mipaka, kwa kuwa takwimu zinaweza kuandikwa kwa -na- na bado zikawa ushahidi halali. Hata hivyo kinafichua jambo ambalo "kwa mfano" hulificha. Wanafunzi wengi huamini kwamba wakishaandika "kwa mfano" wameleta ushahidi. Wakaandika: "Kwa mfano, mtu akitupa rambo mtaroni, maji hayapiti." Hiyo -ki- inasema wazi kuwa tukio hilo limewazwa tu. Ni sababu ileile, imevalishwa mtu asiye na jina.

Methali zinastahili neno lake. Tumewafundisha watoto kupamba insha kwa methali, na ni jambo jema, lakini wengi huzitumia kama hukumu: wahenga walisema, basi imethibitika. Mwanafunzi anayetetea subira ataandika "haraka haraka haina baraka", na jirani yake anayetetea wepesi ataandika "ngoja ngoja huumiza matumbo". Wote wawili wamewanukuu wahenga sawasawa. Methali ni sababu iliyokwisha kupigwa msasa na vizazi. Huipa hoja sauti. Haiwezi kusimama mahali pa mtaro.

Ugumu mkubwa zaidi hujitokeza pale mwanafunzi anapoelewa kwamba anatakiwa alete jambo la kweli, akaleta la kweli lisilohusika. Ataandika: "Mifuko ya plastiki huziba mitaro. Kenya iliipiga marufuku tarehe 28 Agosti 2017 na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019." Tarehe zote mbili ni sahihi, na -li- ipo. Lakini zinaonyesha nini? Zinaonyesha kwamba serikali mbili ziliamua jambo moja. Kuhusu mitaro hazisemi kitu. Mwanafunzi huyohuyo angekuwa anatetea dai kwamba marufuku kama hii inawezekana kutekelezwa katika nchi zetu, tarehe hizo zingeanza kuwa na kazi, hasa akiongeza Rwanda iliyotangulia mwaka 2008 na kueleza kilichotokea sokoni baadaye.

Kwa hiyo ukweli haugeuki ushahidi mpaka uunganishwe na dai fulani. Mwanafalsafa Mwingereza Stephen Toulmin alilichambua jambo hili katika kitabu chake The Uses of Argument cha mwaka 1958, akatenga, mbali na dai na taarifa inayolitegemeza, sehemu ya tatu inayoeleza kwa nini taarifa hii inaturuhusu kufikia dai lile. Kwa Kiswahili cha darasani napendekeza tuiite kiungo. Katika insha, kiungo mara nyingi ni sentensi moja inayoanza na "hii inaonyesha kwamba", na ndiyo sentensi ambayo wanafunzi huiruka kuliko zote.

Aya yetu, ikisharekebishwa, inaweza kusomeka hivi: "Naunga mkono marufuku hii kwa sababu mifuko ya plastiki huziba mitaro. Baada ya mvua ya wiki iliyopita tulisafisha mtaro ulio mbele ya shule, na sehemu kubwa ya tulichokitoa ilikuwa mifuko. Maji yaliyokuwa yamesimama yalianza kutembea kabla hatujamaliza. Hii inaonyesha kwamba kilichozuia maji pale ni mifuko, wala si wembamba wa mtaro." Mpinzani bado ana la kusema. Anaweza kuuliza kuhusu mitaro mingine, au kudai kwamba kinachotakiwa ni ukusanyaji wa taka na si marufuku. Sasa mjadala unaweza kuanza.