Aliyeacha Unga Akilazwa Kupasuliwa

Hebu tufikirie jambo ambalo barazani halizungumzwi sana. Kijana ameacha unga. Kila asubuhi anakwenda kliniki kunywa methadoni mbele ya muuguzi, kisha anashika njia ya kazini. Siku moja anaanguka na bodaboda, mguu unavunjika, na madaktari wanasema lazima apasuliwe. Je, apewe dawa gani ya maumivu? Utasikia mtu akisema, "Huyo alikuwa teja, mkimpa dawa kali atarudi kule kule." Mwingine atasema, "Si anakunywa methadoni? Basi yamtosha hiyo." Wote wawili wamekosea, na ukitaka kujua makosa yao yametoka wapi yakupasa urudi nyuma.

Afyuni, utomvu wa mpopi, ni dawa ya kale. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliitaja katika Al-Qanun kama dawa ya kutuliza maumivu na akatahadharisha juu ya hatari yake. Mwanzoni mwa karne ya 19 Mjerumani Friedrich Sertürner alitoa mofini ndani ya afyuni, na mwaka 1898 kampuni ya Bayer ikaanza kuuza heroini kama dawa ya kikohozi. Naam, unga huu huu unaoharibu vijana wetu ulianzia dukani kwa mfamasia!

Watu walipozidi kunaswa, serikali zikaingilia. Marekani ilipitisha Sheria ya Harrison mwaka 1914, na mwaka 1919 mahakama yao ya juu ikaamua kwamba daktari anayempa mraibu mofini kwa ajili tu ya kumzuilia arosto hafanyi kazi ya udaktari. Madaktari walikamatwa. Hofu ikawaingia, wakafundishana hofu hiyo kizazi kwa kizazi. Uingereza ilikwenda njia nyingine: mwaka 1926 kamati ya Rolleston ilimruhusu daktari kumtibu mraibu hivyo. Kwa hiyo ugonjwa ni mmoja, lakini hapa ni tiba na kule ni kosa la jinai.

Methadoni yenyewe ilitengenezwa Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1930 kama dawa ya maumivu. Vincent Dole na Marie Nyswander, wakifanya kazi kule New York, ndio walioigeuza kuwa tiba ya waraibu, na mwaka 1965 wakachapisha matokeo ya wagonjwa wao 22. Mtu alikunywa mara moja kwa siku, arosto ikatulia, asilewe, akarudi shuleni au kazini.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Dozi moja ya methadoni huzuia arosto kwa siku nzima, lakini nguvu yake ya kutuliza maumivu hudumu takriban saa 4 hadi 8 tu. Akinywa asubuhi, jioni arosto hana, ila kidonda kinamuuma kama mtu yeyote, pengine zaidi. Kwa nini zaidi? Kwanza mwili wake umeshazoea dawa za jamii hiyo, kwa hivyo kiasi kinachomtosha mwenzake wa kitanda cha pili hakimtoshi yeye. Pili, kutumia dawa hizo muda mrefu kunaweza kuzifanya neva ziwe nyepesi kuhisi maumivu. Basi akilia wodini usiseme ati anaigiza.

Mwaka 2006 Alford, Compton na Samet, watafiti wa Marekani, waliandika wazi juu ya dhana hizi potofu. Ushauri wao: dozi ya kila siku iendelee, kisha juu yake aongezwe dawa ya maumivu kwa saa maalumu, asingojwe mpaka aombe. Bila shaka lazima aangaliwe anavyopumua, kwani dawa hizi zikizidi hupunguza pumzi. Paracetamol, ibuprofen kwa anayeiweza, ganzi ya mguu na ketamini husaidia kupunguza kiasi cha dawa kali.

Buprenofini ina kisa chake. Kwa kuwa inashikilia sana pale mofini inapofanyia kazi, madaktari walizoea kuisimamisha siku kadhaa kabla ya upasuaji. Mgonjwa akafika thieta na arosto, au njiani akarudia unga. Mwongozo wa chama cha madaktari wa uraibu wa Marekani uliotolewa mwaka 2020 unasema si lazima kuisimamisha. Naltreksoni ni tofauti, hiyo huziba kabisa, na husimamishwa mapema kwa mpango wa daktari.

Tanzania ilianza methadoni Muhimbili mwaka 2011. Kenya ilianza Mathari, Nairobi, Desemba 2014, na mwaka uliofuata ikafika Malindi. Kwa hiyo wagonjwa hawa ni ndugu zetu, na thieta zetu zinawapokea.

Ukiwa na jamaa wa namna hii anayelazwa, mwambieni daktari mapema jina la dawa na kliniki anayokwenda, msifiche kwa kuona haya. Wodi ipige simu kliniki kuhakikisha kiasi cha dozi. Asubuhi ya upasuaji kwa kawaida hunywa dozi yake. Na siku ya kuruhusiwa, aombe karatasi inayoonyesha dozi ya mwisho alipewa lini na kiasi gani, ili kesho yake kliniki isimpe mara mbili wala asirudishwe mikono mitupu.