Ukali wa Jogoo

Zamani wachunga ngamia wa Kisomali wa nchi ya Garissa hawakufuga kuku. Ndege huyu hakuweza kufuata safari za malisho, na nyama yake ilidharauliwa. Baadaye, mji ulipokua kando ya Mto Tana, jogoo naye alipata ua wake.

Basi, akimrukia mtu kwa vipi vya miguu yake, hana chuki. Asili yake ni kuku-mwitu wa Asia, ambao madume yao hulinda mitetea. Mwaka 1922 Mnorwe Thorleif Schjelderup-Ebbe alieleza kwamba kuku hupangana kwa vyeo, mkubwa akimdonoa mdogo. Mtu aingiaye uani huonekana mshindani. Akimpiga jogoo, humthibitishia vita.

Mchunga ngamia ajua ukali wa ngamia dume majira ya kupandana, naye hujihadhari bila kumchukia. Jogoo astahili busara iyo hiyo.