Nani Aliibana Pumzi Harley?

Kwenye gereji ninayofanyia kazi hapa Wisconsin, mwenye Electra Glide au Road Glide haleti maombi mapya. Anataka silensa nyingine, chujio la hewa lililo wazi zaidi, na kompyuta ya injini ipangwe upya ili igawe mafuta kwa kipimo kingine. Ukimuuliza sababu, atakwambia pikipiki imetoka kiwandani ikiwa imebanwa pumzi. Ni kweli imebanwa. Ila aliyeibana ni nani, na ni nani anayekula kwa kuifungua? Habari hiyo wauza vipuri huisimulia nusu, maana nusu iliyobaki inawagusa wenyewe.

Ufundi nilijifunzia Tanga, kwenye Honda CG125 na Yamaha DT. Kule kabureta unaifungua kwa bisibisi, unaiosha kwa petroli, na jeti, kile kitundu cha kupitisha mafuta, ikiziba unaizibua kwa uzi mmoja uliochomolewa kwenye waya wa klachi. Kwa hiyo kubadili jeti hakukunishangaza nilipofika huku. Kilichonishangaza ni mtu kununua pikipiki ya maelfu ya dola Jumamosi, na Jumatatu kuileta ifunguliwe, plastiki ya kiti haijabanduliwa. Kwetu pikipiki mpya haiguswi. Fundi akiikaribia, mwenye mali anasogea.

Zamani mambo hayakuwa hivi. Mwaka 1958, huko Blue Island, Illinois, kusini mwa Chicago, George Smith na mwenzake Stanley Stankos walianza kuuza fimbo nyepesi za kusukuma valvu za Harley. Majina yote mawili yanaanza na S, ndiyo maana kampuni ikaitwa S&S. Stankos hakukaa, Smith na mkewe Marjorie walinunua sehemu yake, na kwa kuwa mke naye alikuwa Smith, hapakuwa na haja ya kuchora kibao kipya. Mwaka 1969 wakahamia Viola, kijiji kilichojificha kwenye vilima vya magharibi mwa jimbo hili. Ukikuta Harley ya zamani ina kifuniko cha kromu chenye umbo la tone la maji upande wa kulia, basi ndani yake kuna kabureta yao. Mteja wa Smith alikuwa mtu wa mashindano, au aliyependa kuonekana hivyo. Alitaka mbio, naye Smith aliuza mbio. Pikipiki ya kiwandani haikuwa imebanwa na mtu. Ilikuwa tu na uwezo wake, na wengine walitaka zaidi.

Biashara tunayoifanya leo ilizaliwa Washington. Mwaka 1970 Marekani ilipitisha Sheria ya Hewa Safi na kuunda EPA, mamlaka ya mazingira. Pikipiki zilianza kupimwa moshi kwa matoleo ya mwaka 1978. Kisha ikaja sheria ya kelele: kuanzia 1983 pikipiki mpya ya barabarani isizidi desibeli 83, na kuanzia 1986 isizidi 80. Silensa zikaanza kugongwa chapa ya kuthibitisha kwamba zinafuata sheria.

Kwa Wajapani hiyo haikuwa taabu kubwa. Honda Gold Wing ya 1975 ilishakuwa na silinda nne zilizolala na injini inayopozwa kwa maji, na maji yanayozunguka silinda humeza kelele. Hadi leo mwenye Gold Wing akija kwangu huja kwa matairi na oili. Harley ilikuwa na shida ya namna nyingine. Injini yake ni silinda mbili kubwa zilizosimama kwa nyuzi 45, pistoni zote zimeshika pini moja ya krankishafti, na inapozwa kwa upepo. Silinda moja ikiwaka, ya pili huwaka baada ya nyuzi 315, halafu ya kwanza husubiri nyuzi 405. Ule mdundo wa kuchechemea ambao watu huulipia unatoka hapo. Mapezi ya silinda hayana koti la maji la kumeza sauti. Tena wakati sheria hizo zinashuka, kampuni ilikuwa hoi: tangu 1969 ilimilikiwa na AMF, na mwaka 1981 viongozi wake kumi na watatu ndio waliokopa fedha na kuinunua. Pesa ya kubuni injini ya maji haikuwepo, na hata ingekuwepo, sidhani wangethubutu, kwa sababu mteja wao alikuwa ananunua ule mdundo.

Wakafanya lililowezekana. Injini mpya ya Evolution ilipotoka mwaka 1984, ya alumini, sentimita za ujazo 1340, hewa ilipitishwa kwenye kisanduku chenye mdomo mwembamba ili mvumo wa kunyonya usisikike. Moshi ukapitishwa kwenye silensa iliyojaa vizuizi. Mafuta nayo yakapunguzwa ili moshi uwe safi kwenye kipimo. Katika kabureta za Keihin zilizofuata, zile za milimita 40, skrubu ya kurekebisha mafuta ya mzunguko wa polepole ilifunikwa na kizibo cha chuma ili mwenye pikipiki asiifikie. Kila fundi wa umri wangu anakijua kizibo kile. Unakitoboa kwa drili taratibu, ukisimama kabla ncha haijagusa skrubu, unakivuta. Unatoa jeti ndogo namba 42, unaweka 45. Unawasha. Injini iliyokuwa ikikohoa asubuhi ya baridi inatulia.

Kazi ile ilikuwa ya dakika chache na ilibadilisha pikipiki kuliko silensa yoyote. Lakini silensa ndiyo iliyouzwa, kwa kuwa jeti haionekani wala haing'ai.

Na hapa ndipo ile nusu ya hadithi inapoanza kuwa tamu. Miaka hiyohiyo ya 1980 kampuni ilianza kuuza vipuri vya kuongeza nguvu kwa jina la Screamin' Eagle. Kwa hiyo pikipiki ilitoka kiwandani ikiwa kimya kwa ajili ya serikali, na kwenye duka lilelile, hatua chache kutoka ilipoegeshwa, palikuwa na rafu yenye mabomba na machujio ya kuifanya iseme. Pakiti iliandikwa kwamba ni kwa mashindano tu. Kijana muuzaji alisoma maandishi hayo, mteja naye aliyasoma, wakatazamana, na malipo yakaingizwa kwenye mkopo uleule wa pikipiki. Simlaumu mteja. Ila nikisikia mtu analaani serikali kwamba imeiharibu Harley, huwa namkumbusha ni nani aliyeuza ugonjwa na tiba kwa risiti moja.

Mwaka 1995 kompyuta ikaingia. Electra Glide Ultra Classic ya maadhimisho ya miaka 30 ilitoka na mfumo wa nozeli wa Magneti Marelli. Kompyuta yake ilitazama mambo mawili makubwa, mkono wa mafuta umefunguliwa kiasi gani na injini inazunguka kwa kasi gani, halafu ikasoma kwenye jedwali lake kiasi cha mafuta. Hewa yenyewe haikupimwa. Ukibadilisha silensa na chujio, hewa iliongezeka lakini jedwali halikuambiwa, basi mafuta yakabaki yaleyale na injini ikaanza kupiga misi na kupasuka kwenye bomba ukiachia mkono. Mafundi waliozoea jeti walikaa mbele ya pikipiki zile kama mtu aliyenyang'anywa mwiko katikati ya pilau. Wengine waling'oa mfumo mzima na kurudisha kabureta. Nimeziona bado zinatembea hivyo.

Mfumo wa Delphi uliofuata, ulioingia kwenye pikipiki za safari mwaka 2002, ulipima mgandamizo wa hewa kwenye njia ya kuingilia, kwa hiyo ulivumilia zaidi. Kufikia hapo vifaa vya kuidanganya kompyuta vilishaanza kuuzwa. Cha kwanza kupata jina kubwa kilikuwa Power Commander cha Dynojet, kampuni iliyoanzishwa na Mark Dobeck. Kilikaa katikati, kati ya kompyuta na nozeli: kompyuta ikiagiza mafuta kidogo, chenyewe kinaongeza. Baadaye vikaja vifaa vinavyoingia ndani ya kompyuta na kuandika jedwali jipya.

Dynojet ndiyo pia iliyosambaza mashine ya kupimia nguvu, ile ya roda nzito ambayo gurudumu la nyuma huizungusha. Bila mashine hiyo, tuni ilikuwa sikio la fundi na rangi ya plagi. Ilipofika, mteja alianza kuondoka na karatasi yenye mistari miwili, mmoja wa kabla, mmoja wa baada. Nafikiri karatasi ile imeharibu kiasi fulani. Watu wakaanza kununua kilele cha mstari, wakati pikipiki ya safari yenye masanduku na mke nyuma haiendi kileleni hata siku moja. Inaishi kati ya mizunguko 2,000 na 3,500 kwa dakika. Mabomba mafupi ya wazi huonyesha kilele kizuri, halafu hapo katikati mawimbi ya moshi hurudi kuingilia hewa mpya na mstari unadidimia. Mwenye pikipiki anasikia kelele, anadhani ni nguvu, na kwenye mlima anashangaa kwa nini anashusha gia.

Mwaka 2007 ndio uliofanya kazi yetu iwe kubwa kuliko ilivyowahi kuwa. EPA ilishakaza masharti: kuanzia matoleo ya 2006, gramu 1.4 kwa kilomita za mabaki ya mafuta na oksidi za naitrojeni kwa pamoja, na kuanzia 2010, gramu 0.8. Harley ikaachana na kabureta kabisa, ikaongeza injini hadi sentimita za ujazo 1584, na kuweka sensa za oksijeni kwenye mabomba. Sensa hizo huishikilia injini karibu na uwiano wa hewa sehemu 14.7 kwa mafuta sehemu 1, ambao kataliti, kisafisha moshi cha ndani ya bomba, huupenda. Injini ya maji nayo huustahimili. Lakini silinda ya nyuma ya Harley, iliyokingwa upepo na ya mbele, huiva. Kwenye foleni mwezi wa Julai dereva alihisi paja la kulia linachomwa. Kampuni ikaweka utaratibu wa kuizima silinda ya nyuma pikipiki ikisimama na moto ukizidi. Unasikia mdundo unabaki nusu. Siku zile wateja wengi hawakuja kutafuta mbio. Walitaka mguu upoe, na mafuta zaidi kidogo huipoza injini. Huo ndio wakati pekee ambao ninaweza kuitetea kazi hii bila kutabasamu.

Kampuni nayo iliuza kifaa chake cha tuni. Tarehe 18 Agosti 2016 serikali ilitangaza makubaliano: Harley-Davidson italipa faini ya dola milioni 12, itaacha kuuza vifaa hivyo vinavyoongeza moshi, itavinunua vilivyobaki madukani na kuviharibu. EPA ilisema tangu 2008 vilikuwa vimeuzwa karibu 340,000. Kampuni haikukiri kosa. Ilisema vilikuwa vya mashindano. Hebu fikiria mashindano yenye washiriki 340,000, wengi wao wamebeba mahema. Kulikuwa pia na kifungu cha dola milioni 3 za kubadilisha majiko ya kuni ya wananchi ili kufidia moshi, ambacho Wizara ya Sheria ilikifuta mwaka uliofuata.

Mwezi uleule wa Agosti 2016 ikatoka injini ya Milwaukee-Eight, sentimita za ujazo 1746, valvu nne kwa kila silinda. Waliibuni wakiwa na sheria mkononi, si kuibana baadaye. Inavuta vizuri ikitoka kiwandani na inachoma mguu kidogo tu. Vifaa vya tuni vinavyouzwa na kampuni sasa vimeidhinishwa na California, ambayo ndiyo kali kuliko zote, na kifaa kikishafungwa kwenye pikipiki moja hakihamii nyingine. Tofauti unayoipata ni ndogo kuliko enzi za kizibo na drili, na bei ni kubwa zaidi.

Mteja wa Milwaukee-Eight akiniuliza, humwambia aendeshe msimu mmoja kwanza, kisha kama bado ana kiu aanze na chujio na tuni, silensa ziwe za mwisho. Hunisikiliza kwa adabu, ananishukuru, kisha anauliza silensa zipi zina sauti nzito zaidi.