Edward Saidi Tingatinga: Fanani wa Rangi na Suala la Umilikaji wa Sanaa ya Jadi

Ukimwomba mtahiniwa wa Kenya aeleze maana ya neno tingatinga, yamkini atakutajia lile trekta kubwa la kusawazisha barabara. Mwenye umri wa kutosha ataongezea siasa za uchaguzi wa mwaka wa 1997, ambapo trekta lilikuwa alama ya chama cha NDP na mgombea wake, Raila Odinga, akapata lakabu ya Tinga. Mwingine aliyetembelea Zanzibar atakumbuka picha za rangi kali zinazouzwa kwa watalii. Ni wachache watakaokwambia kwamba Tingatinga alikuwa mtu, tena mume na baba wa watoto wawili.

Ninamtaja mtu huyu katika jarida la fasihi kwa sababu maisha yake yanaitia shaka kauli tunayoikariri madarasani kila muhula: kwamba sanaa ya jadi haina mtunzi anayejulikana, ni mali ya jamii nzima.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka wa 1932 katika wilaya ya Tunduru, kusini mwa Tanganyika. Majina yake yenyewe, moja la Kikristo na jingine la Kiislamu, yanadokeza mchanganyiko wa jamii alimolelewa. Alipata elimu ya msingi tu, na hakuna chuo kilichomfunza kuchora. Kama vijana wengi wa kusini wa enzi hiyo, alihamia Tanga kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge, kisha akaingia Dar es Salaam. Huko alikuwa mtumishi wa nyumbani, akafanya vibarua vya namna namna, akapiga na muziki. Hivi ndivyo alivyoishi hadi alipokaribia miaka arobaini.

Mnamo mwaka wa 1968 hivi, alianza kuchora. Alitumia vipande vya mraba vya ubao mwembamba wa kuezekea dari, kila upande takriban sentimita 60, na rangi ya mafuta inayong'aa, ile ile ya kupaka baiskeli. Tusiharakishe kuona falsafa hapa. Vifaa hivyo vilipatikana madukani na havikuwa ghali. Lakini angalia jinsi uhaba ulivyozaa mtindo: rangi hiyo haichanganyiki kwa urahisi, kwa hivyo usuli wa picha ukawa wa rangi moja tu, na juu yake akasimama chui, tembo au ndege mmoja mkubwa aliyejaza ubao mzima. Mwanafunzi anayezijua hurafa atautambua ubanaji huu mara moja. Fanani wa ngano haelezi msitu ulivyo, anasema tu "hapo zamani za kale" kisha sungura anaingia.

Je, mtindo huu aliutoa wapi? Wapo wanaodai kwamba aliziona picha za wachoraji wa Kongo zilizokuwa zikiuzwa Dar es Salaam, akajiambia kwamba naye anaweza. Wengine hutaja michoro ya kuta za nyumba za udongo kule kwao kusini. Habari nyingi za maisha yake zilikusanywa kutoka kwa jamaa na wanafunzi wake baada ya kufa kwake, kwa hivyo hata wasifu wake umetufikia kwa njia ya masimulizi, pamoja na tofauti ambazo masimulizi huwa nazo. Kwa maoni yangu, madai hayo mawili hayapingani.

Lililo wazi zaidi ni hadhira. Picha ziliuzwa nje ya maduka ya Morogoro Stores, mtaa wa Oyster Bay, mahali ambapo wageni kutoka Ulaya walinunua mahitaji yao. Msanii alichora kile ambacho wateja hao walikipenda. Baadhi ya wahakiki huliona hili kuwa doa, eti sanaa iliyouzwa kwa mgeni si ya jadi. Nashangaa. Sisi wenyewe tunawafundisha watahiniwa kwamba fanani huibadilisha kazi yake kulingana na hadhira iliyo mbele yake.

Isitoshe, upokezanaji wake ulikuwa wa kijadi kabisa. Kazi ilipozidi, aliwaita jamaa zake: Simon Mpata, Kasper Tedo, Ajaba Abdallah, Adeusi Matambwe na January Linda. Walijifunza kwa kutazama na kuiga, kama vile mjukuu anavyojifunza ngano kwa nyanya yake. Ufundi ukawa wa ukoo kabla ya kuwa wa taifa.

Kisha likatukia la kutukia. Mwaka wa 1972, Tingatinga akiwa ndani ya gari usiku jijini Dar es Salaam, polisi waliwadhania waliomo kuwa wahalifu wanaotoroka, wakafyatua risasi. Alikufa akiwa na miaka arobaini. Alikuwa amechora kwa takriban miaka minne tu. Mkewe akabaki mjane na watoto wadogo.

Wanafunzi wake waliendelea, na mwaka wa 1990 wachoraji wa mtindo huo wakawa na chama cha ushirika chenye jina la Tingatinga. Mwaka wa 2010 jina hilo lilifika hata kwenye runinga: mfululizo wa katuni za watoto uitwao Tinga Tinga Tales, uliotengenezwa Nairobi kwa mtindo wa picha zile, ulisimulia ngano za usuli kuhusu sababu za wanyama kuwa walivyo. Mwalimu mwenzangu, hapo mchoro ulirudi kwa ngano.

Hivyo, mtindo wenye umri mdogo kuliko walimu wengi waliostaafu huuzwa kama sanaa ya kale ya Afrika isiyo na mwenyewe. Jina la mtu limegeuka nomino ya kawaida, na mara nyingi huandikwa kwa herufi ndogo. Ukimfikia mtahiniwa anayeandika kwamba sanaa ya jadi haina mtunzi, mwulize kwanza: haina, au alisahauliwa? Na je, ilichukua miaka mingapi? Kwa Tingatinga, wapo wachoraji waliomjua ana kwa ana ambao waliishi kuona jina lake likiwa la bidhaa.