Gari Linalopinduka na Watu Wasianguke

Ukipita Kiringye wakati wa jioni utawaona watoto wakitoka kuchota maji. Mmoja hushika ndoo ndogo iliyojaa, akaizungusha kwa mkono, juu ya kichwa na chini tena, kwa nguvu zake zote. Ndoo inapinduka kabisa, mdomo wake ukitazama chini, wala tone halimwagiki. Lakini akilegeza mkono kidogo tu, anaoga bila kutaka. Basi, mwenye kuuelewa mchezo huo ameelewa nusu ya habari yetu.

Wenzetu waliohamia Ubelgiji hutuletea picha za gari la reli linalopanda kitanzi cha chuma, watu wamo ndani, miguu juu, vichwa chini. Wazee hutuuliza kama wamefungwa. Wamefungwa, ndiyo, lakini kinachowabana vitini pale juu si mshipi, ni mwendo.

Wafaransa huyaita magari haya ya miteremko “milima ya Kirusi”, maana Warusi wa Sankt Petersburg ndio walioanza kuteleza juu ya vilima vya mbao vilivyofunikwa kwa barafu. (Warusi wenyewe husema “milima ya Kimarekani”, kila mmoja anamsingizia mwenzake.) Tangu mwaka wa 1846 watu wa Paris walionyeshwa gari dogo likiteremka na kuzunguka kitanzi kizima, ila jambo hilo halikudumu.

Mwaka wa 1895, huko Coney Island karibu na New York, Lina Beecher alijenga kitanzi kilichoitwa Flip Flap. Kosa lake lilikuwa moja, nalo lilionekana kama uzuri: kitanzi kilikuwa duara kamili, kana kwamba kimechorwa kwa bikari. Gari likatoka katika njia iliyonyooka likaingia duarani ghafula, tena hapo chini ndipo mwendo ulipo mkali kuliko pote. Husemwa kwamba uzito wa abiria ulizidi mara 12, yaani mtu wa kilo 60 alijiona ana kilo 720. Shingo gani itavumilia hayo? Watu waliumia. Mwaka wa 1901 Edwin Prescott akaleta kitanzi kirefu kidogo, mfano wa yai. Maumivu yalipungua, lakini gari lilichukua watu wachache mno, na wengi walipenda kusimama pembeni wakitazama kuliko kupanda. Fedha haikutosha. Vitanzi vikaachwa kwa miaka 60 na zaidi.

Aliyevirudisha ni Mjerumani, Anton Schwarzkopf wa Münsterhausen, Bavaria, pamoja na mhandisi Werner Stengel. Mwaka wa 1975 kampuni ya Arrow ya Marekani ilikuwa imekwisha kuwapindua watu kwa njia iliyosokotwa kama kizibuo cha chupa. Lakini kitanzi chenyewe, kilichosimama wima, kilirudi mwaka wa 1976 katika bustani ya Magic Mountain, California, kwa jina la Great American Revolution. Stengel na mwenzake waliliacha duara. Walichukua mstari ambao wajenzi wa reli waliujua tangu karne ya 19, ule unaoliingiza gari la moshi katika kona kidogo kidogo. Kwa hiyo kitanzi chao kina umbo la tone la maji lililogeuzwa. Chini, penye mbio, njia inajipinda taratibu, mwili usilemewe. Juu, mbio zikipungua, inajipinda sana, abiria abaki amekaa kitini kama maji katika ndoo ya mtoto wetu. Tena magurudumu hushika bomba la chuma kwa juu, kwa kando na kwa chini, gari lisiweze kuchomoka.

Mwaka uliofuata Schwarzkopf alileta aina fupi zaidi. Gari linarushwa kwa nguvu kwenye njia tambarare, linapita kitanzini, linapanda mnara wa reli mpaka mbio zimwishie, kisha linarudi kinyumenyume kitanzini mle mle. La namna hiyo lilifunguliwa mwaka wa 1982 katika bustani ya Walibi, Wavre, karibu na Bruseli, likaitwa Sirocco. Baadaye lilijengewa nyumba na kubadilishwa jina. Jingine lililoanza Marekani mwaka wa 1977 lilifunguliwa kipande kwa kipande na kuhamishiwa Gold Reef City, Johannesburg, likaitwa Golden Loop. Ndivyo kitanzi cha Schwarzkopf kilivyofika bara letu.

Sisi hapa tulikuwa na reli yetu, iliyotoka Kalundu, Uvira, ikapita bonde la Ruzizi hadi Kamanyola, ikakomea chini ya milima. Haikufika Bukavu, na sasa haipo tena. Lakini aliyeipanda alishuka mahali pengine. Abiria wa Sirocco alishuka pale pale alipopandia, jasho likimtoka, na nauli amelipa.