Chale za Kusini: Urembo Uliochanjwa Bila Wino

Mwaka 1906, moto wa Maji Maji ukiwa bado haujazimika, Mjerumani aitwaye Karl Weule alishuka Lindi na kamera, mashine ya kunasa sauti na nyingine ya kupiga picha za sinema. Alitoka makumbusho ya Leipzig, na nia yake ya kwanza ilikuwa kwenda bara, upande wa Kondoa Irangi. Vita vikamgeuza njia, akaelekea Masasi na Newala. Huko akakutana na wanawake wa Kimakonde, Kimakua na Kiyao waliochanjwa chale, makovu yametuna mstari kwa mstari, akawapiga picha.

Picha hizo zinataka kutazamwa bila haraka. Hazionyeshi rangi, zinaonyesha vivuli. Juu ya ngozi nyeusi wino hupotea, lakini kovu lililoinuka hushika mwanga upande mmoja na giza upande wa pili, na mchoro ukasimama wenyewe. Tena husomeka kwa kidole. Ndiyo maana chale za tumboni na kiunoni, ambazo si kila mgeni aliziona, zilikuwa na thamani kubwa katika ndoa.

Kazi ya kuchanja ilikuwa ngumu kuliko inavyodhaniwa. Fundi aliinua ngozi kidogo, akaikata kwa kijembe. Mkato wa juujuu ungepona bila kuacha kitu, na uliozama mno ungeleta kidonda kibaya. Alitafuta kina cha katikati, pale ambapo mwili unapojiponya huzalisha kolajeni kupita kiasi, na kovu likanyanyuka. Kidonda kikishapona, alirudi kuchanja palepale ili kovu liote juu ya kovu. Msichana alikaa miezi kadhaa, pengine zaidi, kabla pambo lake halijakamilika, na kila mara alitakiwa avumilie. Kwa nembo za usoni Wamakonde walipaka masizi ya mbarika ndani ya mikato, yakatoa weusi unaoelekea buluu. Hapo ndipo nembo na chale za makovu matupu zilipotofautiana, ingawa zote zilianza na ncha ya kijembe.

Chale zilisema pia mtu ni wa wapi. David Livingstone, aliyefika Mikindani Machi 1866 na kufuata mto Ruvuma, aliandika jinsi Wamakua walivyotambulika kwa alama ya mwezi mwandamo kwenye paji la uso. Ulikuwa wakati mchungu. Misafara ya watumwa ilikuwa ikishuka Kilwa Kivinje kuelekea Unguja, ambako soko lilifungwa mwaka 1873. Mtu aliyeuzwa alinyang'anywa jina, ndugu na lugha. Chale hazikuvulika. Alama aliyochanjwa ili watu wake wamjue ilibaki naye ugenini, na mwenzake wa kwao akiiona angejua hayuko peke yake.

Wapo wanaosimulia kwamba watu wa kusini walijichanja ili waonekane wabaya na wafanyabiashara wa watumwa wasiwatake. Mimi siliafiki hilo. Mtu havumilii kijembe miezi na miezi ili achukize. Na kama nembo zingekuwa aibu, wachongaji wasingezihamishia kwenye kazi zao bora. Tazama lipiko, kinyago kinachovaliwa kichwani katika ngoma ya mapiko vijana wanapotoka jandoni. Kimechongwa kwenye mti mwepesi, kikatiwa nywele halisi za binadamu, na juu ya mashavu mchongaji akabandika nyuzi nyembamba za nta ya nyuki, pembe ndani ya pembe, zikatuna juu ya mti kama zilivyotuna usoni. Alijua kwamba uso usio na nembo haujakamilika.

Karne ya ishirini haikuzionea huruma. Wamisionari walizihesabu kuwa ushenzi, shule zikawaaibisha watoto. Frelimo, chama cha ukombozi wa Msumbiji kilichoundwa Dar es Salaam mwaka 1962, kilipigana ili watu wajione Wamsumbiji kabla ya kujiona wa kabila fulani, na alama za kabila usoni hazikuwa na nafasi hapo. Wamakonde waliovuka Ruvuma kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge ya Tanganyika na Kenya walibeba nyuso zilizowatambulisha papo hapo kuwa wageni. Jamii yao ya Kwale, Kenya, iliishi bila uraia kwa vizazi, hadi walipoandamana kwa miguu kwenda Nairobi mwaka 2016 na kutambuliwa kuwa Wakenya. Katika karne hiyohiyo ya ishirini ukaja Ukimwi, na wembe mmoja kupita kwa watu wengi ukawa hatari ambayo hakuna mzazi angeikubali. Kuacha kuchanja hivyo kulikuwa sawa kabisa. Nisingependa jando lolote lirudie wembe ule.

Ninachodai ni kitu kingine. Mkusanyiko wa Weule bado uko Leipzig, katika makumbusho ya Grassi. Newala, na Mueda ng'ambo ya Msumbiji, bado wako wazee wachache wenye nembo, wanaoweza kutazama picha na kusema huu ni mkono wa fundi gani, mchoro huu uliitwaje, ulichanjwa lini katika maisha ya msichana. Nakala za picha hizo zipelekwe kwao sasa, wakae nazo na wajukuu wao, na wanayoyasema yaandikwe kwa Kimakonde na kwa Kiswahili.